Tupeane uzoefu: uliona kosa la mkubwa wako wodini, ulisema au ulimeza?

Nesi wa Usiku (mwanzisha mada)
Wakuu, naanza na yangu ili msione aibu. Nina miaka 11 kwenye unesi. Asubuhi moja kwenye raundi, daktari bingwa akaagiza gentamicin, dawa ya kuua bakteria, kwa mzee mmoja. Majibu ya figo nilikuwa nimeyashika mkononi, kreatinini (taka ya damu ambayo hupanda figo zikishindwa kuichuja) imepanda maradufu ndani ya siku mbili, na dawa hiyo figo ndizo inazozionea. Unajua nilisemaje? "Daktari, majibu ya leo yametoka, nikuonyeshe?" Akasema baadaye, akasogea kitanda kinachofuata. Sindano ya kwanza nilichoma mimi mwenyewe. Jioni daktari mdogo akapitia faili, akaifuta. Mzee alipona. Lakini lile halikuwa swali, nilikuwa naomba ruhusa ya kujua ninachokijua.

Haya, leteni zenu. Si lazima uwe wa fani.

Msema Kweli
Usikasirike mwenye mada, huo ni woga tu. Mimi ningekataa kuchoma.

Nesi wa Usiku
Mkuu, tukiwa tumekaa kwenye kochi wote tunasema hivyo. Mwaka 1966 Hofling na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio: mtu anapiga simu wodini, anajiita daktari ambaye nesi hajawahi kumwona, anaagiza miligramu 20 za dawa ambayo kwenye kisanduku imeandikwa mwisho ni 10. Manesi 21 kati ya 22 walikwenda kuitoa, ikabidi wazuiwe njiani (dawa yenyewe ilikuwa ya bandia). Kundi jingine likaulizwa kwa mdomo tu: wewe ungefanyaje? 10 kati ya 12 wakasema wangekataa. Kama wewe.

Koti Jipya
Mimi nipo upande wa pili. Mwezi wa kwanza wa mafunzo kwa vitendo niliandika potasiamu kloridi ya mshipa bila kuandika ichanganywe na nini. Ile ukiichoma moja kwa moja bila kuizimua inasimamisha moyo. Sista mmoja wa umri wa mama yangu akaja na faili: "Daktari, hii tuiweke kwenye dripu ya nusu lita au ya lita?" Nikajibu "ya lita", uso mkavu, kana kwamba ndilo nililokuwa nalitafakari. Akaondoka, heshima yangu ikabaki nzima. Sijawahi kumshukuru. Ningeanzia wapi, bila kukiri?

Mchambuzi
Mchezo huo ni wa siku nyingi. Daktari wa magonjwa ya akili Leonard Stein aliueleza mwaka 1967: nesi ashauri bila kuonekana anashauri, daktari aombe ushauri bila kuonekana anaomba. Mafumbo matupu, na mgonjwa kalala katikati. Kwa Koti Jipya fumbo lilifumbuliwa. Kwa yule bingwa halikusikika hata.

Maabara
Napiga simu wodini kutoa majibu ya hatari, napokelewa na "wewe nani?" Sina la ziada.

Mikasi
Chumba cha upasuaji hapa. Tunayo orodha ya usalama ya WHO, ile iliyotoka 2008: kabla ya kisu kila mtu ataje jina na kazi yake. Nilidhani ni mchezo wa chekechea. Ila ukishasikika ukitamka jina lako, kutamka "subirini kidogo" kunakuwa kwepesi. Tatizo kuna siku naikuta imeshawekwa vema zote na mgonjwa bado yuko kwenye korido.

Msema Kweli
Kwa hiyo bingwa anashindwa kusikia na karatasi nayo inadanganya. Sawa, narudisha neno "woga".

Fagio
Mimi nafanya usafi wodini, sijui kama naruhusiwa kuandika. Saa tisa usiku nikideki nilimwona mama wa kitanda cha pembeni anahema kama katoka mbio, midomo imebadilika rangi. Nikaacha ndoo nikaenda kusema. Nikaambiwa, "We deki, hayo si yako." Nikadeki. Haikupita nusu saa wakaja watu watano mbiombio. Aliyenijibu vile hakuwa daktari.

Nesi wa Usiku
Unaruhusiwa, dada. Wengine endeleeni, mimi nitarudi baadaye. Miaka 11, na anayedeki wodi yetu usiku simjui hata jina.