Mtazamaji wa leo bado anahoji, au anasambaza tu? (Kila mzungumzaji anaitwa kwa jina la eneo lake.)

Mwanjelwa: Naweka hoja mezani. Watu wa nyanda zetu hizi za Juu Kusini wameacha kuhoji. Ujumbe ukiingia kundini WhatsApp na mishale miwili, maana yake umeshasambazwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuutuma ila kwa mtu au kundi moja kwa mara. Alama ile ni onyo, ila huku inasomwa kama muhuri: wote wameupata, basi ni kweli. Nani anabisha?

Makambako: Nabisha, mkuu. Chukua bei ya mafuta. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, huanza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Magazeti na redio hukimbilia bei za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, mafuta yanakoshushwa. Za Mbeya ziko chini kwenye jedwali refu. Dereva wa boda pale Mafiati hababaishwi na kichwa cha habari. Anajua usafiri wa kilomita zaidi ya 800 umo kwenye lita, anapiga *152*00# anapata ya eneo lake. Karatasi ya bei ya kughushi anaijua kwa tarehe tu: ikisema bei mpya inaanza Ijumaa, anacheka.

Mwanjelwa: Hapo mfuko wake umeguswa.

Iringa Mjini: Si mfuko tu, ni kipimo. Mtu huhoji pale alipo na cha kulinganishia. Hali ya hewa inagusa mfuko vilevile na bado tunapigwa. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ikisema mvua za "wastani", ni asilimia 75 hadi 125 ya kiwango cha muda mrefu cha eneo hilohilo. "Chini ya wastani" ni chini ya 75. Sasa Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Toa hata theluthi nzima, bado watu wa Isimani, kule kukavu Iringa, wataionea wivu. Lakini klipu ya sekunde 30 inakata yote hayo, inabaki "ukame waja". Kibaya zaidi, mkulima anabishania wingi wa mvua na kuruka mistari miwili yenye faida kwake: wiki ya kuanza na vipindi virefu vya kukauka. Anapanda mahindi kwa manyunyu ya kwanza, jua linapiga wiki mbili, mbegu inaishia ardhini. Halafu TMA ndio waongo.

Tukuyu: Msimwonee msikilizaji peke yake. Gazeti linaandika kichwa kikubwa chekundu, mwishoni alama ya kuuliza ndogo kama punje ya ulezi. Asubuhi mtangazaji anakisoma redioni kwa sauti ya mkazo na ile alama inafia hapo. Aliye shambani amesikia taarifa kamili, si swali. Angehoji nini?

Mafinga: Kwa picha kuna njia. Ikija "ajali Kitonga sasa hivi", ule mlima wa barabara ya Iringa, ikuze utafute namba za gari. Zetu za kawaida ni T, tarakimu tatu, herufi tatu. Ukikuta za nchi nyingine, si Kitonga.

Makambako: Hapana, ndugu yangu, hapo utapotosha watu. Barabara ile ndiyo ya malori ya Zambia na Kongo, namba za kigeni zimejaa usiku na mchana. Angalia mandhari: Kitonga upande mmoja ni ukuta wa mwamba, wa pili korongo. Kisha kata kipande chenye gari, kipitishe Google Lens uone kama picha iliwahi kutoka zamani. Na usitegemee tarehe iliyofichwa ndani ya picha. WhatsApp huifuta ikitumwa kwa njia ya kawaida.

Mwanjelwa: Sawa. Na voisi ya dakika mbili, "jamani mimi niko hapahapa Ipogolo"? Haina namba wala mwamba.

Iringa Mjini: Muulize aliyeituma kundini kaipata kwa nani, huyo naye kwa nani. Mara nyingi mtu wa pili tu hajibu.

Tukuyu: Au anajibu kwa voisi nyingine.