Tupeane uzoefu: Mliotembelea miji ya Japani mkiwa wawili, mlikula nini na mlitembeaje?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, Novemba 2024 mimi na mume wangu tulitimiza miaka kumi ya ndoa, tukaiadhimisha kwa safari ya siku 12 nchini Japani: Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima. Naanzisha mada hii kwa sababu wakati wa maandalizi tuliona orodha nyingi za mahekalu na minara, lakini hatukumpata mtu wa kwetu wa kutueleza namna watu wawili wenye matumbo tofauti wanavyoweza kula na kutembea pamoja bila kuchokana. Mwenzangu ni mtu wa wali na samaki aliyeiva vizuri. Mimi kila kipya hutaka kukionja. Nitaanza na yetu, nanyi mliokwenda naomba mtoe yenu.

Siku ya pili tuligombana, na sababu ilikuwa njaa. Asubuhi tulikwenda mtaa wa Asakusa, Tokyo, tukapita chini ya taa kubwa nyekundu ya lango la Kaminarimon, tukafuata njia ya maduka ya Nakamise mpaka hekalu la Sensoji, kisha tukaunganisha moja kwa moja hadi mtaa mwingine, Shibuya, kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyosema. Ilipofika saa tisa alasiri tukakumbuka kula. Hatukujua kwamba migahawa mingi ya Japani hufunga jikoni baada ya chakula cha mchana, na kufungua tena jioni kuanzia kama saa kumi na moja. Tulisimama mbele ya milango mitatu iliyofungwa, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa sauti ya chini, kwa sababu katika nchi ile hata ugomvi unaona aibu kuupazia sauti.

Kilichotuokoa ni duka dogo lililo wazi saa 24. Tulinunua matonge ya wali wanayoyaita onigiri, ya pembetatu, yenye samaki ndani na karatasi nyeusi ya mwani nje. Mfuko wake una namba 1, 2 na 3. Ukivuta namba 1 utepe hupasua mfuko katikati, ukivuta 2 na 3 pembeni nailoni hutoka, na ule mwani, ambao ulikuwa umetengwa na wali usilowe, unashikana na wali mkononi mwako ukiwa mkavu na unavunjika kama kaukau. Mume wangu alikula matatu akiwa amesimama kando ya duka, kisha akasema, “Kuanzia kesho tuamue kwanza tutakula wapi, halafu ndipo tutafute cha kuona karibu na hapo.” Ninaamini ushauri huo ndio uliobadilisha safari yetu yote.

Kwa hiyo siku iliyofuata tulianzia soko la samaki la Tsukiji asubuhi. Mnada wa jumla wa samaki ulihamia Toyosu mwaka 2018, lakini soko la nje lilibaki palepale, na wachuuzi wake wanakaanga mayai matamu yaliyokunjwa tabaka kwa tabaka na kuyauza juu ya kijiti. Mnunuzi hula akiwa amesimama mbele ya kibanda na kurudisha takataka kwa muuzaji. Kula huku unatembea hawapendi, na mapipa ya taka barabarani ni haba.

Kutoka Tokyo hadi Kyoto tulipanda treni ya kasi, Shinkansen, ambayo ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1964. Yenye mwendo mkubwa zaidi hutumia kama saa mbili na robo. Wengi huambiwa wanunue pasi ya reli ya siku saba, lakini Oktoba 2023 bei yake ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Sisi tuliokwenda upande mmoja kisha tukaondokea uwanja wa ndege wa Kansai, karibu na Osaka, tiketi za kawaida zilitugharimu kidogo kuliko pasi. Ombeni kiti cha dirishani upande wa kulia mnapotoka Tokyo, kwa ajili ya mlima Fuji, na nunueni chakula cha sanduku stesheni kabla ya kupanda. Tulifungua masanduku yetu, yangu ya mkunga na yake ya samaki wa kuchoma, na mlima ukatokea ukiwa na theluji kileleni wakati vijiti viko mdomoni.

Kyoto tulifika Fushimi Inari kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa mahali hapo hapafungwi wala hapana kiingilio. Ni mahali patakatifu pa Inari, mungu wao wa mpunga, na malango mekundu kwa maelfu yamepangwa kupanda mlima. Sanamu za mbweha zimejaa, na Wajapani husimulia kwamba mbweha hao hupenda tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kukaanga. Ndiyo maana vibanda vya chini huuza wali uliofungwa ndani ya vifuko vya tofu tamu. Tuliula tuliposhuka, miguu ikiwa inatetemeka. Mwenzangu, ambaye alikuwa bado hajakubali samaki mbichi, alisema hicho ndicho chakula cha kwanza cha Japani ambacho angemwandalia mama yake.

Naomba wengine waendelee.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mtoa mada, nakushukuru kwa kuanza na tumbo, maana kwetu sisi Waislamu hapo ndipo mambo yote yanapoanzia.

Mimi na mke wangu tulidhani kuepuka nguruwe kunatosha. Tulipofika tukagundua kwamba kazi kubwa imo ndani ya mchuzi. Supu ya tambi katika maduka mengi hutokana na mifupa ya nguruwe, na hata penye samaki au mboga tupu, mpishi hutia mirin, ambayo ni kiungo kitamu chenye kileo kitokanacho na mchele. Kabla ya safari, mwalimu mmoja wa Kijapani alituandikia kadi kwa lugha yake: hatuli nguruwe, hatutumii pombe wala mirin, samaki na mayai tunakula.

Jioni moja Kyoto tuliitoa kadi hiyo katika kimgahawa chenye viti vinane. Mhudumu aliipeleka jikoni. Baada ya kitambo mpishi mwenyewe, mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, alitoka ameishika kadi kwa mikono miwili, akainama, akatuonyesha chupa moja moja: hii ina kileo, hii pia ina kileo. Kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko na kuturudishia kadi, tena kwa mikono miwili. Angeweza kutupikia na kunyamaza, wala tusingejua. Mke wangu alisema pale barabarani kwamba hajawahi kunyimwa chakula kwa heshima kiasi kile, na mpaka leo tukiitaja Japani, ni mzee yule tunayemkumbuka kwanza.

Mnaofuata dini yetu, siku za Tokyo zipangeni zipitie msikiti wa Tokyo Camii, uliojengwa kwanza mwaka 1938 na kujengwa upya kwa mtindo wa Kituruki mwaka 2000. Mkiwa Osaka, pandeni treni hadi Kobe, chini ya nusu saa tu. Msikiti wa Kobe ulijengwa mwaka 1935, wa kwanza katika nchi ile. Ulisalimika mabomu ya mwaka 1945, ukasimama tena katika tetemeko la ardhi la mwaka 1995. Mitaa iliyouzunguka ina maduka ya nyama ya halali na migahawa ya Kihindi na Kituruki. Baada ya siku sita za samaki na mayai, tulikula biriani pale bila kuzungumza mpaka sahani zikaisha.

Mchangiaji, mzaliwa wa Unguja, sasa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nataka kuzungumzia pweza, kwa sababu ndiye aliyetupeleka Osaka.

Mume wangu amekulia Forodhani, na aliposikia kwamba kuna mji ambao fahari yake ni pweza aliyefichwa ndani ya unga, aliniambia hatakwenda Japani asipofika huko. Tulifikia mtaa wa Dotonbori usiku, taa za matangazo zikimulika mferejini, tukasimama mbele ya kijana anayepika takoyaki. Nawaambieni, chuma chake ni chuma cha vitumbua! Kina mashimo ya duara kwa makumi. Anamimina uji wa unga mpaka unafurika juu, anatupia vipande vya pweza, kitunguu cha majani na tangawizi nyekundu, kisha anashika sindano mbili ndefu na kuanza kugeuza, kimoja baada ya kingine, akisukumia ndani ule unga uliomwagika pembeni mpaka kila shimo linakuwa na kitufe kamili. Nilimwangalia mkono nikamkumbuka bibi yangu na mshikaki wake wa kugeuzia vitumbua.

Tahadhari moja: nje huonekana vimepoa, lakini ndani ni uji wa moto. Mume wangu aliungua ulimi, na pweza wa siku mbili zilizofuata hakumsikia ladha. Kipasueni kwanza, mvuke utoke. Juu yake hunyunyizwa vipande vya samaki mkavu, vyembamba kama maranda ya seremala, vinavyochezacheza kwa mvuke kana kwamba vi hai.

Watu wa Osaka wana neno kuidaore, maana yake kula mpaka ufilisike. Tulikaa huko siku nne, na Tokyo tukaipa mbili tu. Sijuti hata kidogo.

Mchangiaji, Mkenya aliyewahi kusoma Kobe

Nimeishi huko miaka miwili na nimewapokea wageni wengi wanandoa, kwa hiyo niongeze machache ya matumizi. Msiburute masanduku makubwa kutoka mji hadi mji. Kampuni za usafirishaji huyachukua hotelini leo na kwa kawaida kuyafikisha mji unaofuata kesho, nanyi mkasafiri na begi dogo tu. Bakshishi haitolewi, ukiiacha mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia akidhani umesahau fedha. Noti bado zinahitajika katika migahawa midogo, hasa ile yenye mashine mlangoni ambamo unaingiza fedha, unabonyeza kitufe cha chakula, unapata kikaratasi cha kumpa mpishi. Vijiti msivisimike wima kwenye wali, wala msipokezane chakula kijiti kwa kijiti, kwani hayo ni mambo ya msiba.

Kisha majira. Maua ya micheri kwa Tokyo na Kyoto huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, nayo majani mekundu ya Kyoto hufikia uzuri wake katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Epukeni wiki ya sikukuu kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kwa sababu wenyeji nao husafiri, na viti hujaa.

Mchangiaji kutoka Lubumbashi

Nimesoma yote kwa furaha. Yetu ni ya Hiroshima, na haina furaha hiyo mwanzoni.

Mimi na mke wangu ni watu wa Katanga. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, mgodi ambao baba zetu waliufahamu kwa jina na kwa maradhi. Kwa hiyo tulipoingia katika Makumbusho ya Amani, hatukuingia kama watalii. Kuna saa pale iliyosimama saa mbili na robo asubuhi, wakati bomu lilipolipuka tarehe 6 Agosti 1945. Kuna baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, imeungua. Mke wangu alisimama mbele ya baiskeli ile kwa muda mrefu, nami sikumgusa bega wala kumwita.

Tulitoka, tukakaa ukingoni mwa mto tukilitazama kuba la jengo lililosalia baada ya bomu, limebaki mifupa, bila neno. Kisha, kwa kuwa mwili hudai haki yake, tukatafuta chakula. Chakula cha mji ule ni okonomiyaki: chapati nyembamba juu ya bamba la chuma, juu yake rundo la kabeji, nyama, tambi, na yai chini ya yote mpishi anapopindua. Mama aliyetupikia alikuwa wa makamo. Kabeji ilipokuwa imerundikwa juu sana, aliibana polepole kwa mwiko wake bapa mpaka ikashuka yenyewe, bila haraka, huku akitutazama. Unakula moja kwa moja kwenye bamba kwa mwiko mdogo bapa wa chuma, na joto la bamba linakupiga kifuani. Baada ya vita, mchele ulipokuwa haba, watu wa mji ule walijaza tumbo kwa unga wa ngano na kabeji, na ndipo chakula hiki kilipoota mizizi. Mke wangu alianza kuzungumza pale, mbele ya bamba lile, kuhusu babu yake.

Kesho yake tulivuka kwa feri hadi Miyajima, tukala chaza wa kuchoma mbele ya lango jekundu lililosimama baharini. Wanaopanga kufika, msiifanye Hiroshima kuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Osaka. Laleni huko.

Mtoa mada

Ndugu wa Lubumbashi, sisi tulifanya hilo hasa ulilolikataza: tulifika saa nne asubuhi, tukaondoka saa kumi na moja, na okonomiyaki tuliifungasha tukaila kwenye treni ikiwa imepoa. Nimemsomea mume wangu maneno yako jana usiku, akaniomba nifungue tena kijitabu chetu cha akiba. Tukijaliwa tutarudi baada ya miaka miwili, na usiku wa kwanza utakuwa Hiroshima.

Aliyefika Kanazawa au Fukuoka, hasa kwenye vibanda vya usiku vya Fukuoka, tafadhali atuandikie. Na kama mlikuwa wawili, semeni pia ni nani aliyechagua pa kula.