Mercedes 450 SLC ya 1979 iko mnadani Uingereza: nikague nini kabla ya kunyoosha mkono?

Mjukuu_wa_Pangani

Wakuu, heshima kwenu. Kuna Mercedes-Benz 450 SLC ya 1979, usukani kulia, rangi ya fedha, inapigwa mnada hapa Uingereza mwezi ujao. Katalogi inakadiria pauni 12,000 hadi 15,000. Maelezo yanasema imelala gereji kavu kwa miaka kadhaa, inawaka na kutembea, na iliwahi kupakwa rangi upya. Picha ni nyingi, ila hakuna hata moja ya uvunguni. Kuna siku moja ya kuitazama na hairuhusiwi kuendeshwa.

Nataka kujua nianzie wapi nikiwa na saa moja tu, kitu gani nikikikuta nigeuze nirudi nyumbani, na nitenge kiasi gani juu ya bei ya mnada. Halafu nyuma ina spoila nyeusi ya raba, na maelezo yanagusia "mtindo wa 5.0". Hilo lina uzito wowote?

---

Fundi_Mvita

Mkuu, anza na kutu, injini ije baadaye. V8 (injini ya silinda nane) ya gari hii ina gharama unazoweza kuzipigia hesabu kabla. Bodi iliyooza haina hesabu, kwa sababu SLC haina chesisi ya kujitegemea: bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu.

Pahala pa kwanza ni chini ya waipa. Fungua boneti, mulika tochi kwenye ule mfereji mpana mbele ya kioo, ambako feni ya ndani inavuta hewa. Maji ya mvua hukusanyika hapo na kutokea kwenye matundu ya pembeni. Majani yakiziba matundu, maji yanasimama, chuma kinaoza kwa ndani, na siku moja maji yanamwagikia miguuni kwa abiria. Usiridhike na kuona rangi safi pale juu. Ingia ndani, inua zulia la mbele pande zote mbili, ukandamize kwa kiganja ule unyoya (pamba laini) ulio chini yake. Ukiwa na unyevu, au ukitoa harufu ya uvundo wakati gari inasemekana imelala pakavu, hapo ndipo pa kugeuza. Kuziba chuma kilichotoboka hapo kwa usahihi ni kutoa kioo cha mbele, dashibodi na sanduku la hita ndipo fundi apate pa kuchomelea. Saa za kazi zinaweza kuzidi thamani ya gari.

Pili, matundu ya jeki. Yako manne, chini ya milango mbele na nyuma, na yana vizibo vya raba. Chomoa kizibo, mulika ndani, ingiza kidole. Kidole kikitoka na magamba ya kutu, boksi lote la chini ya mlango linaliwa kwa ndani hata kama nje linang'aa. Kagua pia mahali boksi hilo linapokutana na fenda ya mbele na tao la gurudumu la nyuma.

Tatu, lala chini utazame fremu ya mbele inayobeba injini na mikono ya chini ya sospensheni. Magari haya hupata nyufa pale mikono inapofungiwa. Safisha grisi kwa kitambaa, maana ufa mwembamba hujificha ndani ya uchafu. Ukikuta bamba la ziada limechomelewa pale, si lazima liwe baya, kwa kuwa kuimarisha sehemu hiyo ni kazi inayojulikana. Angalia tu kama mstari wa weldi umenyooka na umeshika. Ukikuta rangi nyeusi nzito, mbichi, imepakwa uvungu mzima wiki chache kabla ya mnada, chukulia kuna kitu kimefichwa.

Kisha buti: toa zulia, toa tairi la akiba, tazama shimo lake na pembe zote mbili. Maji hufika hapo kupitia raba ya kioo cha nyuma, raba ya taa, au mipira ya kutolea maji ya dirisha la paa kama lipo.

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na kama unaweza kuazima, kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa karibu maikroni 100 hadi 150. Ukisoma 250 hadi 300 imepakwa tena, jambo ambalo limeshatamkwa. Ukisoma zaidi ya 500 mahali pamoja, chini yake kuna puti. Pima sana tao la nyuma na sehemu ya chini ya fenda.

---

Silinda_Nane

Fundi amemaliza bodi, mimi niingie injini na gia.

Fika mapema, gusa kichwa cha injini. Kikiwa cha moto, wameshaiwasha ili usione inavyowaka ikiwa baridi. Omba iwashwe mbele yako. Moshi wa buluu wa sekunde chache unaokatika ni raba za vali zilizokauka, kazi ya kawaida. Moshi unaoendelea ni hesabu nyingine. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya oili, huku gia zikiingia kwa kishindo, mara nyingi ni ile valvu ya vakyumu ya gia boksi: kiwambo chake kikipasuka, injini inavuta oili ya gia na kuichoma. Dalili yake ni kwamba oili ya gia inapungua wala sakafuni hakuna tone. Hicho ni kifaa kidogo, hakigharimu sana, lakini kinawatisha wanunuzi wengi kwa sababu wanadhani injini imekufa. Ukikitambua wenzako wasikitambue, ni faida yako.

Geji ya presha ya oili inaishia 3. Injini ikishapata moto, ikizunguka taratibu bila kukanyagwa, sindano ikikaa juu ya 1 ni vizuri. Ukikanyaga kidogo ni lazima iruke hadi 3 papo hapo na ikae. Ikisuasua, ondoka.

Sikiliza kila upande wa vichwa. Mlio wa tiktiki unaofuata mwendo wa injini unaweza kutoka kwenye bomba jembamba linalomwagia oili kemushafti (shafti inayofungua vali). Viungo vyake ni vya plastiki, vinakauka na kuchomoka, kisha meno ya kemushafti yanasagika bila oili. Viungo vyenyewe ni bei ya chai. Kemushafti iliyokwisha sio.

Cheni ya taimingi: hapo mnadani hutaweza kuipima, kwa hiyo kama faili la gari halina risiti ya cheni, ihesabu kama kazi inayokusubiri. Ni cheni ya safu mbili, ndefu sana, inapanda vichwa vyote viwili. Cheni yenyewe inavutika, lakini kinachoua injini ni reli za plastiki za juu: zinapasuka, kipande kinaingia kwenye cheni, cheni inaruka jino, vali zinagonga pistoni. Ukishaipata nyumbani, fungua mfuniko wa vali, zungusha injini kwa mkono kuelekea mwendo wake wa kawaida mpaka alama ya kemushafti ilingane na alama ya kiti chake, halafu soma digrii kwenye puli ya mbele. Ikipita digrii 10, badili cheni, reli zote za juu na kikaza cheni kwa pamoja. Haihitaji kufungua mbele ya injini: unakata pini ya cheni ya zamani, unaunga mpya kwenye mkia wake, unaizungusha taratibu plagi zikiwa zimetolewa, huku mtu wa pili akishikilia cheni isilegee. Ziba matundu yote kwa vitambaa kabla ya kukata, pini ikidumbukia chini utaishusha sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Gia boksi ni ya otomatiki, gia 3, na ni ngumu kweli kweli. Mercedes walipeleka SLC 5.0 zenye gia hizo hizo tatu za otomatiki kwenye Safari Rally ya 1979, Hannu Mikkola akamaliza wa pili nyuma ya Shekhar Mehta. Mwaka huo huo, kwenye mbio za Bandama kule Ivory Coast, walichukua nafasi ya 1 hadi ya 4. Kwa hiyo otomatiki isikukatishe tamaa hata kidogo.

---

Daftari_la_Mnada

Nizungumzie pesa, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila gari kuwa na kosa.

Bei ya nyundo, ile dalali anayofungia mnada, siyo bei ya gari. Soma masharti utafute ada ya mnunuzi. Tuseme ni asilimia 15, na juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 20. Nyundo ikigonga pauni 13,000, ada ni 1,950, VAT ya ada ni 390, jumla 15,340. Igeuze hesabu: kama mfukoni una 15,000 za gari, gawanya kwa 1.18, upeo wako wa kunyoosha mkono ni kama 12,700. Andika namba hiyo kwenye karatasi kabla hujaingia ukumbini. Ongeza trela ya kuibeba, maana hutaiendesha kwenda nyumbani, na angalia siku ambayo ada ya kuihifadhi inaanza kuhesabiwa.

Muuzaji anaweza kuwa na bei ya chini ya siri. Mpaka ifikiwe, sheria ya Uingereza inamruhusu dalali kupandisha bei kwa niaba ya muuzaji, mradi masharti ya mnada yametaja hilo. Kwa hiyo zile namba za mwanzo zinazoruka haraka huenda hazina mtu nyuma yake, usizifukuzie. Gari isipofika bei, nenda dawatini baada ya kikao uache ofa yako. Mauzo mengi hufungwa hapo, bila kelele.

Karatasi: weka namba ya gari kwenye tovuti ya serikali inayotunza historia ya MOT (ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka), ni bure. Utaona maili za kila mwaka na kila kilichofeli. Tafuta neno kutu, na sehemu yenyewe ilipotajwa. Gari imeshavuka miaka 40, kwa hiyo hailazimiki tena MOT wala kodi ya barabara, lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwa mkali zaidi: inawezekana hakuna aliyeitazama chini kwa miaka. Katika magari mawili, lenye bahasha nene ya risiti lililopauka rangi ni bora kuliko linalong'aa lisilo na karatasi.

---

Mjukuu_wa_Pangani

Shukrani sana wakuu. Nimepata picha ya namba ya chesisi, inaanza 107.024-22. Na historia ya MOT inaishia 2014, maneno ya mwisho ni mipira ya breki kuchakaa na "kutu ya juu juu" karibu na tundu la jeki la nyuma kushoto. Je, spoila?

---

Silinda_Nane

107.024 ni 450 SLC ya kawaida, yenye bloku ya chuma na ujazo wa 4,520 cc. Ile 2 ya kwanza ni usukani kulia, 2 ya pili ni otomatiki. Iko sawa na maelezo, hiyo ni dalili njema.

5.0 halisi ni 107.026. Injini yake ni 5,025 cc, bloku ya alumini, na boneti na mfuniko wa buti navyo ni alumini. Zilitoka 1,636 tu, kati ya SLC zote 62,888 zilizotengenezwa 1971 hadi 1981. Spoila mtu yeyote anafunga. Bandika sumaku kwenye mfuniko wa buti: ikishika, ni buti la chuma. Usitoe hata pauni moja kwa ajili ya raba hiyo, na angalia matundu yake ya skrubu kama hayajaanza kutu.

Wala usisikitike kwamba si 5.0. Bloku ya alumini haina slivu za chuma ndani ya silinda, silinda zikichubuka unahitaji karakana yenye ujuzi maalumu. Hii yako ni rahisi zaidi kuishi nayo.

---

Fundi_Mvita

Kutu ya juu juu ya 2014 si ya juu juu leo. Siku ya kukagua, tundu hilo la nyuma kushoto liwe la kwanza. Likiwa bado gumu ukilibonyeza kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, endelea na mengine.

Ukiinunua, usiiwashe tena mpaka umwage petroli yote. Fungua kichujio kilicho kwenye tundu la kutolea mafuta chini ya tangi, badili filta na hosi zote za mafuta. Mfumo wake wa kunyunyizia petroli, K-Jetronic, hufanya kazi kwa presha ya karibu bari 5, hosi iliyopasuka kwa presha hiyo inawasha moto. Petroli iliyochacha inagandisha plunja ndani ya kigawa mafuta, na hicho ndicho kifaa cha bei kuliko vyote upande huo. Ukiijaza tena, tumia E5 (petroli yenye ethanoli kidogo), achana na E10 yenye ethanoli zaidi.

Badili mipira yote ya breki bila kujadiliana: inavimba kwa ndani, breki inashika na haiachii. Oili ya injini ni karibu lita 8. Matairi ni 205/70 R14. Soma tarakimu nne za ubavuni, 2312 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2012. Yenye zaidi ya miaka kumi hayaendi barabarani hata kama kashata (meno ya tairi) ni nzima.

Spea za mbele, fenda na taa, zinafanana na za SL ya wazi, zinapatikana. Shida ni vitu vya SLC peke yake: vile vioo vyenye vipande vya mapazia pembeni nyuma, raba za kioo cha nyuma, urembo wa paa. Hesabu kila kipande, kilichopasuka kinaweza kukutafutisha mwaka mzima. Kutenga, tenga robo ya bei ya nyundo kwa mwaka wa kwanza, na kama cheni haina risiti, theluthi.

---

Kilindini_Bandarini

Nyongeza fupi kwa wanaosoma wakiwa Kenya: gari hii haishuki Mombasa kama mtumba wa kawaida, ukomo ni miaka 8. Usilipe chochote mnadani kwa matumaini ya kupenya. Pata majibu ya maandishi kutoka kwa mamlaka husika kwanza. Aliyeko Uingereza aiendeshe huko huko.

---

Daftari_la_Mnada

Jambo moja kabla hujaenda: waandikie wenye mnada leo, waombe picha sita za uvunguni, zile sehemu alizotaja Fundi, pamoja na picha ya kila risiti. Wengi hutuma ndani ya siku mbili. Wakikataa kupiga picha ya tundu la jeki la nyuma kushoto, umeshajibiwa, na nauli yako umeiokoa.