Naomba ushauri: daftari la babu aliyekuwa saisi Molo

Ndugu zangu, hamjambo. Marehemu babu alitunza farasi kwenye shamba la setla huko Molo, miaka ya 1950. Ameacha daftari lililotafunwa na mende: majina ya farasi jike, dume aliyempanda kila mmoja, na tarehe. Pembeni kuna tarehe nyingine, kama miezi 11 mbele. Bila shaka ni za kuzaa. Majina matano yamekatwa kwa wino mwekundu. Shangazi anasema farasi hao walikufa kwa maradhi ya msimu wa mvua, mimi sina hakika.

Nimepekua makavazi ya Nairobi siku mbili, nikaambulia hati za ardhi tu. Je, vitabu vya nasaba za farasi wa enzi hizo hutunzwa wapi? Na daftari nilihifadhije lisizidi kuchanika?