Bima imekataa kulipa nyumba yangu iliyoingia maji, sasa serikali imeunda kamati ya uchunguzi. Nisubiri?

MamaPacha
Wakuu, naombeni ushauri, nimechoka kweli.

Miezi minane iliyopita nyumba yetu iliingia maji. Bima tulikata, na ada hatujawahi kuchelewesha hata mara moja. Mkataba unasema maji ya mvua na dhoruba wanalipa, mafuriko ya mto hawalipi. Siku ile mvua ilipiga tangu alfajiri, mifereji ya paa ikazidiwa, maji yakashuka kwenye dari na kupita chini ya mlango wa jikoni. Yalikuwa maji maangavu, nikawa nayazuia kwa mataulo. Mto ulikuja baada ya masaa kama matatu, na tope lake. Mpaka leo ukuta wa sebule una mistari miwili: wa chini hafifu, usawa wa kifundo cha mguu, na wa juu wa kahawia unaofika kiunoni.

Mkadiriaji hasara wa kwanza alipiga picha mistari yote miwili, akaniambia kwa mdomo wake kwamba dari na jikoni ni mvua. Baada ya miezi miwili akaletwa mwingine, hakukaa hata nusu saa. Barua ikaja: chanzo ni mafuriko, madai yamekataliwa. Nikaomba ripoti ya yule wa kwanza, nikajibiwa ni ya matumizi ya ndani. Kila nikipiga simu napokewa na mtu mpya, naanza kueleza upya.

Sasa imeundwa kamati ya kuchunguza jinsi kampuni za bima zilivyoshughulikia madai ya maafa haya, na inapokea maoni ya wananchi. Mume wangu anasema tutulie, kamati ikimaliza watabanwa na tutalipwa. Ni kweli, au tunasubiri bure?

FundiHesabu
Pole sana dada. Nimefanya kazi kitengo cha madai miaka 11, kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka: kamati haiamui dai la mtu mmoja mmoja. Inaangalia mwenendo wa kampuni zote, inaandika mapendekezo, basi. Wanaoweza kuiamuru kampuni ikulipe ni ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya bima, kama ipo hapo ulipo, au mahakama. Na huko kote kuna muda wa mwisho wa kupeleka malalamiko, ambao kwa kawaida huanza kuhesabiwa tangu siku ulipopewa barua ya kukataliwa. Hausimami kwa sababu kamati inakaa. Itafute hiyo barua leo uangalie tarehe.

Mtazamaji
Naongezea hapo kwa FundiHesabu. Ya Australia niliifuatilia kwa karibu. Mafuriko yalipiga Februari na Machi 2022, jimbo la Queensland na kaskazini mwa jimbo la New South Wales, mji wa Lismore ukaumia vibaya. Kamati ya bunge ilianza uchunguzi Agosti 2023, ripoti ikatoka Oktoba 2024 na mapendekezo 86. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka miwili na nusu tangu maji yaingie ndani ya nyumba za watu. Na pendekezo si amri.

Ila waliyoeleza wananchi kule ni haya haya yako: madai kukaa, maafisa kubadilishwa kila mara, wataalamu kupingana. Tena wao tangu 2012 wana maana moja ya kisheria ya neno mafuriko, yaani maji yaliyotoka kwenye mto, ziwa au bwawa yakafunika ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu. Hata hivyo ugomvi wa maji yapi yalitangulia haukuisha.

Binti_Sheria
Nakubali kuhusu muda, lakini msimvunje moyo asiandikie kamati.

Baada ya kimbunga Sandy cha 2012 kule Marekani, kuna nyumba ambayo mhandisi aliyeikagua aliandika kwamba imeharibiwa na mafuriko. Mwenzake ambaye hakufika kabisa akaiandika upya ripoti ile, ikasema uharibifu ni wa zamani. (Kule ilikuwa kinyume cha kwako, bima yenyewe ilikuwa ya mafuriko.) Wenye nyumba wakaipata ripoti ya kwanza, wakaenda nayo mahakamani, na 2014 hakimu akakemea jambo hilo waziwazi. Mwaka uliofuata FEMA, shirika la serikali linalosimamia bima hiyo, likawaandikia watu zaidi ya 140,000 kwamba wanaweza kuomba madai yao yaangaliwe upya. Chanzo kilikuwa ripoti mbili za nyumba moja.

Kwa hiyo MamaPacha, ripoti ya yule mkadiriaji wa kwanza ndiyo roho ya kesi yako. Idai kwa maandishi, taja jina lake na siku aliyokuja. Wakikataa, barua ya kukataa ndiyo uipeleke kwa msuluhishi na kwenye kamati.

MamaPacha
Asanteni sana, nimelia kusoma haya. Nimepekua simu ya mwanangu, kumbe alirekodi video jikoni saa 1:10 asubuhi. Maji yanadondoka toka kwenye taa ya dari, sakafu inaonekana vizuri chini ya maji, tope hakuna. Mto ulifika saa 4.

Lakini leo mchana wamenipigia. Wanataka kunilipa dari peke yake, nisaini kesho.

FundiHesabu
Usisaini kesho. Waambie wakutumie hiyo karatasi kwanza, utafute maneno yanayosema umelipwa kikamilifu na huna dai jingine. Yakiwemo, ukisaini jikoni na sebule umeziachia. Omba kwa barua walipe dari kama sehemu tu ya dai, mengine yabaki wazi. Na hiyo video usiihamishe kwa WhatsApp, inaweza kupoteza tarehe na saa ya kurekodiwa. Inakili kwa waya kwenye kompyuta, na simu yenyewe usiifute kitu.

Binti_Sheria
Na kabla hamjapaka rangi sebuleni, shika futi ya kupimia, upige picha mistari yote miwili futi ikiwa imeanzia sakafuni.

MamaPacha
Futi ninayo. Napiga sasa hivi kabla giza halijaingia.