Usambara, Uluguru, Udzungwa au Upare: siku 4 twende wapi?

Mzee wa Kimara:
Wakuu, habarini. Nina likizo ya siku 4 mwezi wa 8. Tupo wanne: mimi, mama watoto, kijana wa miaka 11, na mama mkwe ambaye goti linamsumbua lakini hataki kusikia habari ya kubaki nyumbani. Tunatokea Dar, usafiri hatuna. Kilimanjaro msinitajie, bei yake naijua. Tunataka milima ya kijani na baridi kidogo.

Msambaa wa Soni:
Mkuu, una mtu mwenye goti halafu unauliza? Lushoto! Basi linawafikisha mpaka mjini. Mombo mnaliacha joto, zinaanza kona, kilomita 30 na ushee (anayetapika akae mbele). Irente mnachukua teksi, mnashuka, hatua chache mpo ukingoni: Mombo yote ipo chini, magari ya barabara kuu utadhani siafu. Wenye miguu yao waende msitu wa Magamba. Mwezi wa 8 plamsi hakuna, nisije nikaambiwa niliwadanganya. Masweta mbebe, usiku kule si mchezo.

Mluguru Halisi:
Siku 4, halafu mbili ziishie kwenye basi? Tangu 2024 treni ya SGR inawafikisha Morogoro chini ya saa mbili. Asubuhi mnaianza njia ya Morningside, inayopanda mlimani mpaka kwenye lile jengo la Mjerumani. Mkiwa mnapanda mtapishana na kina mama wanashuka sokoni na matenga ya karoti kichwani, wanawapita kama mmesimama. Na hayo maji ya bombani kwako Kimara, mto Ruvu unaanzia huku kwetu.

Msambaa wa Soni:
Goti, mkuu. GOTI.

Mbega Mwekundu:
Kama hoja ni msitu wenyewe, hao wote wanasubiri kwa Udzungwa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na msitu unapanda kutoka bondeni Kilombero mpaka vileleni bila kukatika. Hicho ndicho adimu, kwingine miteremko ya chini imeshageuzwa mashamba. Mangabei wa Sanje, aina ya kima ambaye wanasayansi walimfahamu 1979 tu, hapatikani popote duniani zaidi ya hapo. Nilikaa chini ya mti mmoja karibu na Mang'ula dakika 20, maganda ya matunda yananidondokea kichwani, na mlaji simwoni. Maporomoko ya Sanje yana mita 170, unapanda na mwongozaji, jasho linakutoka hasa, halafu unaoga kwenye bwawa la maji ya baridi. Kijana wako hatasahau.
Ila niseme ukweli: safari yangu ya kwanza yule aliyenipangia alinitajia bei moja Dar na nyingine getini. Ulizeni viingilio hifadhini wenyewe kabla ya kutoa hela. Na mama mkwe Sanje hapandi.

Binti wa Same:
Upare mnatusahau kila siku. Kilele chetu, Shengena, kina mita 2,400 na kitu, msitu wa Chome umetulia, watalii wa kuhesabu, na makande mtakula mpaka mseme basi. Shida yetu magari ya kupandia milimani ni machache, ukilikosa unalala Same. Kwa siku 4 na familia, kwa kweli sikushauri. Njoo mwenyewe siku nyingine.

Mzee wa Kimara:
Ahsanteni sana. Moyo wangu ulikuwa Lushoto, kijana anataka Sanje. Jana usiku nikamsomea mama mkwe majibu yote. Alichosikia ni treni tu. Ameshatoa kitenge cha safari sandukuni. @Mluguru Halisi, sisi tukipanda Morningside, yeye tumwache wapi?

Mluguru Halisi:
Rock Garden, mkuu. Ipo mlimani chini, maji yanapita katikati ya mawe, viti vipo. Pikipiki ya kwenda juu asidanganywe, njia ni mawe matupu.

Msambaa wa Soni:
Haya. Hata picha ya Irente sikutumii.