Cu-Zn-Al kwenye jaribio la mmomonyoko wa viputo: sampuli pacha, majibu tofauti

Swali
Habari wakuu. Nina aloi ya shaba inayokumbuka umbo: zinki 25% na alumini 4% kwa uzito. Imepashwa nyuzi 850 kwa dakika 30 kwenye tanuri la kawaida, ikachovywa majini. Jaribio ni la kiwango cha ASTM G32 (kichwa hutikisika majini, viputo huzuka na kupasuka, na kula uso wa sampuli): kilohezi 20, mtikisiko wa mikroni 50, maji yaliyokenekwa ya nyuzi 25. Sampuli mbili za kipande kimoja, moja imepoteza uzito mara mbili ya mwenzake, na mashimo yamefuata mipaka ya chembe (fuwele zinazounda aloi). Nakosea wapi?

Jibu 1
Mkuu, tazama ukubwa wa chembe kwanza. Kwa nyuzi 850 chembe za beta (muundo wa fuwele wenye uwezo wa kukumbuka umbo) hukua upesi hadi kufikia milimita nzima. Aloi hii haina ugumu sawa kila upande, kwa hiyo kiputo kinapopasuka chembe mbili jirani hunepa tofauti, na mkazo wote huishia mpakani. Ufa huanzia hapo, kisha chembe inang'oka nzima. Uso wa kipenyo cha mm 15.9 wenye chembe kubwa namna hiyo hauwezi kutoa wastani wa kuaminika. Punguza muda ndani ya tanuri, na wakati wa kuyeyusha tia titani, zirkoni au boroni kidogo.

Halafu zinki huruka kama mvuke kwenye joto hilo. Ngozi iliyopungukiwa zinki hugeuka alfa, muundo mwingine wa fuwele, laini, isiyo na uwezo wa kubadili umbo. Kata kipande kimoja ukitazame kwa ubavu kwenye hadubini, kisha saga sampuli zote hadi chini ya tabaka hilo.

Jibu 2
Naongezea joto. Nguvu ya aloi hii ni kwamba pigo la kiputo hugeuza beta kuwa martensaiti (muundo wa fuwele unaotokea kwa kupoa au kwa mkazo) inayorudi ilivyokuwa, au vibamba vya martensaiti vinavyojipanga upya, badala ya chuma kuchoka. Ni ipi kati ya hizo inategemea Ms (joto ambalo martensaiti huanza kutokea aloi ikipoa), na tofauti ya sehemu chache za kumi za asilimia ya alumini huisogeza Ms makumi ya nyuzi. Kichwa kinachotikisika hupasha maji. Bila koili ya kupoza kwenye bika, sampuli ya pili huenda inapimwa ikiwa katika hali nyingine kabisa. Weka kipimajoto ndani ya maji muda wote wa jaribio.

Na usichelewe kati ya tanuri na ndoo: ikipoa polepole, alfa huchipua kwanza mipakani.

Jibu 3
Ukilinganisha na shaba ya alumini na nikeli, ile ya rafadha, usitumie miligramu, kwa kuwa msongamano wa aloi haulingani. Gawa uzito uliopotea kwa msongamano, kisha kwa eneo la uso (mm² 198.6). Mg 10 kwa msongamano wa 7.6 ni kina cha wastani cha mikroni 6.6. Chora kina dhidi ya saa, usiishie kwenye namba ya mwisho: kipindi cha mwanzo kabla uzito haujaanza kupungua ndicho kinachoonyesha kama aloi inafyonza mapigo.

Kwa kazi ya baharini, zinki itachujwa na maji ya chumvi. Jaribu Cu-Al-Ni, aloi nyingine ya shaba inayokumbuka umbo, ila chembe zake zikiwa kubwa nayo hupasuka mipakani vilevile.